Kumhoji mgonjwa kuhusu pombe, bangi, unga na vidonge

Ukitaka kujua ni nani kwenye foleni yako ya asubuhi ana tatizo la dawa za kulevya, usianze kwa kukagua aliyekonda, mwenye makovu mikononi au aliyevaa kapelo hadi machoni. Uliza wote. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa nje kwenye kituo cha afya upande wa Temeke, na hao waliokonda wala hawanisumbui: wanajijua, mtaa unawajua, na ukiwauliza kwa adabu wanakujibu bila kupindisha. Anayenipita ni mama mwenye duka, kitenge kimenyooshwa, aliyekuja kwa presha, ambaye kila usiku anameza diazepam, vidonge vya usingizi, alizonunua dirishani bila cheti. Ni mwanafunzi wa chuo anayemeza tramadoli, kidonge cha maumivu, ili asome mpaka alfajiri. Ni mzee wa watu mwenye vidonda vya tumbo visivyopona, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakunywa gongo kiasi gani, kwa sababu tuna haya kumuuliza mzee.

Kuuliza wote kunakupa pia sentensi moja ya kufungulia mlango: "Maswali haya namuuliza kila anayekaa kwenye kiti hiki." Iseme pale tu ambapo ni kweli. Foleni ina masikio, na wagonjwa wakigundua kuwa unachagua, kesho yake watakuwa wameshapanga majibu.

Dodoso ninalotumia ni ASSIST, la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali manane, na ukishalizoea linachukua dakika tano hadi kumi. Yapo mengine. DAST-10 ina maswali kumi ya ndiyo na hapana kuhusu miezi 12 iliyopita, ni fupi na nzuri, ila inaacha pombe na tumbaku nje. Kwetu sisi vitu hivi havitembei peke yake, kwa hiyo nataka karatasi moja inayokusanya vyote. Lakini ASSIST ilitengenezwa kwa watu wazima. Kwa vijana wadogo kuna CRAFFT, iliyotoka Boston, ambayo swali lake la kwanza linahusu kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa au aliyetumia kilevi. Mimi nikiliuliza nasema "gari au bodaboda", na hapo kijana huanza kucheka kabla hajajibu.

Kabla hujafungua mdomo

Chumba kwanza. Pazia si ukuta. Kama anayesubiri nje anasikia jina la dawa, basi huna mahojiano, una maigizo. Pale kwetu redio ndogo kwenye dirisha la nje imesaidia kuliko semina yoyote niliyohudhuria.

Pili, aliyemsindikiza atoke. Mume, mama, shangazi, kaka mkubwa, wote. Usimwache mgonjwa aamue mbele yao, kwa sababu hawezi kusema "mama, toka". Sema wewe: "Mama, shikamoo. Utaratibu wetu kila mgonjwa nazungumza naye peke yake kwanza, kisha nitakuita." Ukishamwamkia na kumpa sababu, mama hanuni. Na akinuna, kiti cha nje kipo.

Tatu, mweleze majibu yake yanakwenda wapi. Mimi nasema hivi: "Unachoniambia naandika kwenye faili la matibabu. Sipeleki polisi, sipeleki kwa mwajiri, sipeleki kwa aliyekuleta. Ila ukiniambia unataka kujiua au kuna mtoto yuko hatarini, hapo itabidi nimshirikishe mwenzangu." Usiahidi siri isiyo na mpaka. Siku mpaka huo utakapofika utakuwa umemdanganya.

Nne, angalia hali yake wakati huo. Mwenye arosto, yaani anayeumwa kwa kukosa dawa aliyoizoea, hahojiwi. Utamtambua: anapiga miayo, makamasi na machozi yanamtoka, malaika wamesimama, tumbo linamkata, hawezi kutulia kwenye kiti. Huyo anataka nafuu, na atakubali au kukataa chochote ili amalizane na wewe. Mhudumie, maswali yatasubiri. Anayesinzia katikati ya sentensi na mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, naye hahojiwi. Huyo hesabu pumzi zake. Zikiwa chache na midomo inageuka rangi ya bluu, hiyo ni dharura: msaidie kupumua, mpe naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, kama ipo, mlaze ubavu akishapumua mwenyewe, na usimwache peke yake, kwa sababu naloksoni huisha mwilini mapema kuliko dawa nyingine alizotumia na anaweza kuzama tena.

Maswali yenyewe

La kwanza linauliza maisha yote: katika vitu hivi, kipi umewahi kutumia, hata mara moja? Orodha ina makundi kumi, na kazi yako ni kuyatamka kwa majina ya mtaani kwako. Tumbaku, na hapo taja sigara, ugoro, shisha na kuberi, maana mvutaji wa shisha hajihesabu kuwa anatumia tumbaku. Pombe: bia, konyagi, gongo, mnazi, wanzuki, komoni. Bangi. Kokeini. Vichangamsho vya jamii ya amfetamini. Vya kunusa kama gundi, petroli na tina. Dawa za usingizi na za kutuliza. Vya kuleta njozi. Jamii ya afyuni: unga, yaani heroini, pamoja na kodeini, tramadoli, pethidini na morfini. Mwisho vinginevyo, na hapo ndipo ninapoandika mirungi.

Anza na tumbaku, kisha pombe, ushuke taratibu. Mtu aliyekwisha kujibu kuhusu sigara na bia, ulimi wake umeshalegea kabla hujafika kwenye unga. Kwa dawa za hospitali, mweleze kwamba humuulizi alichoandikiwa na daktari akakitumia alivyoelekezwa. Unauliza kilichotumiwa bila cheti, kilichozidishwa, au kilichotumiwa kwa sababu nyingine. Usipofafanua hilo, mama wa diazepam atasema hapana na dhamiri yake itakuwa safi kabisa.

Akikataa vyote kumi, uliza mara moja tu zaidi: "Hata enzi za shule?" Akisema hapana, hata enzi za shule hajatumia, mshukuru, mmemaliza.

Kwa alichokubali, swali la pili linauliza miezi mitatu iliyopita ametumia mara ngapi. Miezi mitatu haikai kichwani mwa mtu, mtafutie alama. "Tangu Ramadhani." "Tangu shule zifunguliwe." "Tangu mvua za vuli zilipoanza." Majibu ni matano, na maana zake usizibadilishe: hakuna; mara moja au mbili katika miezi yote mitatu; kila mwezi, yaani mara moja hadi tatu kwa mwezi; kila wiki, yaani mara moja hadi nne kwa wiki; kila siku au karibu kila siku, yaani siku tano hadi saba kwa wiki. Anayekuambia "wikiendi tu" mwulize wikiendi yake inaanza siku gani. Kuna inayoanza Alhamisi.

La tatu ni hamu: mara ngapi umeshikwa na hamu kali ya kukitumia? La nne ni madhara: mara ngapi kimekuletea shida ya afya, ya kifamilia na kijamii, ya kisheria au ya pesa? Hapa tulia, usilipitie mbio, kwa sababu wengi husikia "shida" wakafikiria kukamatwa tu. Taja kodi ya nyumba iliyochelewa, ugomvi, kikohozi, kuanguka na pikipiki. La tano: mara ngapi umeshindwa kufanya jambo ambalo kwa kawaida hutegemewa ulifanye? Hili haliulizwi kwa tumbaku.

Kama katika miezi mitatu hajatumia chochote, ruka la tatu, la nne na la tano, nenda la sita. La sita na la saba yanauliza kila alichowahi kutumia maishani. La sita: kuna ndugu, rafiki au mtu yeyote aliyewahi kuonyesha wasiwasi juu ya matumizi yako? La saba: umewahi kujaribu kupunguza au kuacha ukashindwa? Majibu ni matatu: hapana kamwe; ndiyo, ndani ya miezi mitatu; ndiyo, lakini si ndani ya miezi mitatu. La sita ndilo linalonipa habari nyingi kuliko yote. Mtu atakuambia anavuta kidogo tu, halafu kwenye la sita anasema, "Ee, mama mkubwa alinililia Jumapili."

La nane ni kujidunga. Halina alama lakini usiliache. Akisema ndiyo ndani ya miezi mitatu, endelea: mara ngapi, sindano anaipata wapi, na anachangia nini. Ukiuliza "unachangia sindano?" atasema hapana na huenda ni kweli, huku anachangia maji, pamba na kifuniko cha kuchemshia. Uliza kimoja kimoja. Uliza pia kuhusu damu. Mwaka 2005 watafiti waliandika kutoka hapa hapa Dar es Salaam kuhusu watu wanaojidunga unga, kisha kuvuta damu yao kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzao mwenye arosto ajidunge, kwa imani kwamba damu hiyo ina dawa ndani yake. Hakuna fomu yenye kisanduku cha jambo hilo. Naliuliza kwa sauti ileile ninayoulizia chanjo ya pepopunda.

Jambo moja ambalo karatasi haikuambii ni kokteli. Mtu anasema "navuta bangi tu, sista", na ni kweli anavuta, ila ndani ya msokoto kuna unga. Swali langu ni "ndani mnachanganya na nini?", si "unachanganya?". Akijibu kuwa wanaweka unga, anaingia kwenye mistari mitatu: tumbaku kama ipo, bangi, na jamii ya afyuni. Usipofanya hivyo utampa ushauri wa bangi mtu ambaye kesho asubuhi ana arosto.

Kuhesabu

Kila kitu kina jumla yake. Usijumlishe vyote pamoja, haina maana yoyote. Unajumlisha swali la pili hadi la saba. La pili lina alama 0, 2, 3, 4, 6. La tatu 0, 3, 4, 5, 6. La nne 0, 4, 5, 6, 7. La tano 0, 5, 6, 7, 8. La sita na la saba: hapana 0, ndani ya miezi mitatu 6, zamani zaidi 3.

Chukua dereva wa bodaboda wa kubuni. Bangi anavuta kila wiki (4), hamu kila wiki (5), imemletea shida mara moja au mbili (4), hajashindwa wajibu (0), mkewe amelalamika mwezi huu (6), hajawahi kujaribu kuacha (0). Jumla 19. Sigara ni kila siku (6), hamu kila siku (6), shida hakuna (0), mkewe huyohuyo kalalamika (6), alijaribu kuacha mwaka jana akashindwa (3). Jumla 21. Pombe anakunywa kila mwezi (3), hamu mara moja au mbili (3), mengine sifuri. Jumla 6.

Alama 0 hadi 3 ni hatari ndogo, 4 hadi 26 ya kati, 27 na kuendelea kubwa. Kwa pombe hatari ndogo inafika 10, na ya kati ni 11 hadi 26. Kwa hiyo huyu bwana ana hatari ya kati kwa bangi na sigara, na ndogo kwa pombe. Wengi wetu tungemkalia kooni kwa bangi na kumwacha aondoke na sigara yake, ilhali sigara ndiyo yenye alama nyingi.

Baada ya alama

Hapa ndipo kazi huharibika, maana wauguzi tunapenda kuhutubia. Mwonyeshe namba kwenye karatasi, mweleze kila moja ina maana gani, kisha uliza: "Alama hizi zinakupa wasiwasi kiasi gani?" Nyamaza. Kimya kitakuwasha, kivumilie. Akianza kuongea, mwulize anachokipenda katika kutumia, halafu asichokipenda. Mtu akiulizwa anachokipenda hushtuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, na akishamaliza kukisema huhamia upande wa pili mwenyewe. Kwa hatari ya kati mazungumzo hayo ya dakika chache, na karatasi ya alama mkononi mwake, yanatosha kwa siku hiyo.

Alama 27 au zaidi zinahitaji tathmini kamili na rufaa. Anayejidunga zaidi ya siku nne kwa mwezi, kwa wastani wa miezi hiyo mitatu, naye apelekwe hata kama jumla yake haijafika 27. Kwa unga, hapa Dar es Salaam tuna bahati: kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, na siku hizi mikoa mingine nayo inazo. Mweleze ukweli kabla hajaenda: methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, si dawa ya kubeba nyumbani siku ya kwanza, na nauli ni jambo la kupanga. Anayejidunga mpime VVU na homa ya ini B na C, na mchunguze kifua kikuu. Kuhusu soba, yaani nyumba wanakokaa wanaoacha dawa, nenda ukaione kwa macho kabla hujamwelekeza mtu. Uliza nani anatoa dawa, mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa wapi, na kama mlango hufungwa kwa nje.

Kuna sentensi moja ambayo usiitamke kwa kila mtu: "Acha leo." Anayekunywa pombe kali kila siku, au anayemeza diazepam nyingi kwa miezi, akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo hupunguziwa chini ya uangalizi. Mjamzito anayetumia unga naye haambiwi akate ghafla. Anapelekwa haraka kwenye methadoni, mimba ikiendelea kuangaliwa. Arosto ya unga kwa mtu mwenye afya inatesa sana lakini ni nadra kuua. Wengi tunadhani kinyume chake, kwamba unga ndio wa kuogopwa na chupa ya gongo inaweza kuwekwa chini kwa ujasiri.

Na kama hapo ulipo huna rufaa yoyote, huna mtu wa kumpigia simu, huna hata chumba, anza na hayo kabla ya dodoso. Kumfungua mtu kidonda halafu umwambie "sawa, pita dirisha la dawa" ni kumfundisha asiseme tena.

Mkojo

Kila wiki anakuja mzazi: "Nesi, nipimie huyu mkojo." Ninamwambia kipimo cha mkojo kinajibu swali dogo sana. Kinaonyesha kitu kilipita mwilini siku za karibuni, hakionyeshi kama kuna tatizo. Unga huonekana siku moja hadi tatu tu. Bangi kwa mvutaji wa kila siku huweza kubaki wiki kadhaa, kwa hiyo aliyeacha mwezi huu anaweza kuonekana mkosaji na aliyejidunga unga wiki iliyopita akaonekana msafi. Dawa ya kikohozi yenye kodeini huwasha mstari wa afyuni. Tramadoli, pethidini na methadoni haziuwashi mstari huo wa kawaida, zinahitaji vipimo vyake. Hata efavirenz, dawa ya VVU iliyotumika sana huku kwetu miaka iliyopita, imewahi kuleta majibu ya uongo ya bangi kwenye baadhi ya vipimo.

Kisha namwomba mzazi akae nje na ninamwita kijana. Simpimi kijana bila yeye kukubali, na nikimpima majibu namwambia yeye kwanza.

Kwenye faili andika ulichokiona na ulichoambiwa: "heroini kwa kuvuta, kila siku, alama 33, amekubali rufaa". Usiandike "teja". Faili hilo litasomwa na mwenzako zamu ya usiku, na ndivyo atakavyompokea.

Tarehe ya kurudi iandike palepale, kwa mkono wako, kwenye karatasi yake ya alama. Kuonana naye mapema ni vizuri, hata baada ya wiki mbili. Ila dodoso lenyewe lirudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu linauliza miezi mitatu. Ukilirudia kabla ya hapo unahesabu siku zilezile mara ya pili, na aliyepunguza kwelikweli ataondoka na namba ileile ya mwanzo.